Filta ya hewa Tororo: Lijue vumbi kabla ya kutoa pesa

TORORO. Kwenye foleni ya malori inayoelekea mpaka wa Malaba kuna kazi ambayo dereva mzoefu haikosi. Lori likisimama, hufungua boksi la filta ya injini, huitoa ile filta ya karatasi iliyokunjwakunjwa, kisha hutafuta kompresa ya upepo aipulize kutoka ndani kwenda nje. Vumbi jekundu hutimka. Dereva anajua kwamba filta ikiziba, injini hukosa pumzi, moshi huwa mweusi na dizeli huisha haraka. Anajua pia kwamba ikitoboka, mchanga huingia kwenye silinda na injini hufa.

Usiku huohuo dereva huyo anaweza kulala gesti chini ya kiyoyozi ambacho filta yake haijafunguliwa tangu siku kilipofungwa ukutani. Injini imepata hewa safi kuliko mwenye injini.

Tororo, Malaba na Busia ni miji ya joto, kwa hiyo hita za nyumbani hazina soko hapa. Viyoyozi vya kupoza ndivyo vinavyoonekana kwenye benki, maduka ya dawa, gesti na baadhi ya nyumba za kuishi. Pamoja navyo linakuja swali ambalo wengi hulijibu kwa kubahatisha: filta ipi inafaa? Dukani, jibu jepesi ni kuchukua yenye namba kubwa au bei kubwa. Jibu sahihi linaanzia kwingine: ni vumbi gani linaloingia, na chumba kinafungika kiasi gani.

Vumbi si la aina moja

Tororo ni mji uliokaa chini ya mwamba mkubwa unaoonekana kutoka mbali, na mawe ndiyo yaliyouletea viwanda. Chokaa ya eneo hili ndiyo iliyowezesha kiwanda cha saruji kuanzishwa miaka ya 1950, na baadaye viwanda vingine vikaongezeka. Vilima vya Sukulu vina fosfeti. Reli na barabara kuu kutoka Mombasa zinaingia Uganda kupitia hapa, zikibeba mizigo ya Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo. Juu ya hayo kuna barabara za udongo mwekundu ambazo, kuanzia Desemba hadi Februari mvua zikikatika, huvumisha vumbi hadi mabati yakabadilika rangi.

Kwa mtu anayetafuta filta, mchanganyiko huo unagawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vumbi nene: udongo wa barabarani, mchanga, nyuzi za nguo na sehemu kubwa ya unga wa saruji. Hili linaonekana kwa macho. Pua na koo hulizuia kwa kiasi kikubwa, ingawa saruji huwasha macho, ngozi na njia ya hewa kwa sababu ina ukali wa chokaa. Karibu filta yoyote hulinasa.

Kundi la pili ni chembe nyembamba, ambazo wataalamu huziita PM2.5, yaani zenye upana wa maikroni 2.5 au chini ya hapo. Nywele ya binadamu ina unene wa kama maikroni 70, kwa hiyo chembe hizo ni ndogo kuliko nywele kwa karibu mara 30. Moshi wa dizeli, wa kuni, wa mkaa na wa taka zinazochomwa umejaa chembe hizi. Pua haiwezi kuzizuia. Hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndizo zinazohusishwa na kiharusi, maradhi ya moyo na mashambulizi ya pumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza hadi maikrogramu 5 za chembe hizo katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa saa 24.

Kundi la tatu si vumbi bali ni gesi: harufu ya mafuta, moshi wa rangi mpya na, iliyo hatari kuliko zote, kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa unaowaka. Filta ya nyuzi au ya karatasi haikamati gesi hata kidogo.

Kwa hiyo mwenye nyumba kando ya barabara ya udongo na mwenye duka la dawa linaloangalia foleni ya malori hawahitaji filta moja, hata kama viyoyozi vyao vimetoka boksi moja.

Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya

Wengi huamini kwamba kiyoyozi huvuta hewa safi kutoka nje kupitia kile chombo kinachonguruma upande wa pili wa ukuta. Sivyo. Kiyoyozi cha kawaida cha vipande viwili huchukua hewa ya chumba, hukipitisha kibaridi chake, kisha huirudisha hewa hiyohiyo chumbani. Mabomba yanayopita ukutani yamebeba gesi ya kupozea na maji yanayodondoka.

Ndani ya kifuniko cha mbele kuna wavu mwembamba wa plastiki. Hiyo ndiyo filta ambayo viyoyozi vingi vimekuja nayo, na kazi yake kuu ni kuilinda mashine. Huzuia nyuzi na vumbi nene lisigande kwenye mapezi ya kupozea. Moshi wa lori hupita kwenye matundu yake bila kuguswa. Anayetegemea wavu huo kumlinda mtoto mwenye pumu anategemea kitu ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo kosa la pili huzaliwa. Mazungumzo dukani huwa ya namna hii.

"Fundi, niwekee ile nzito kabisa. Nataka vumbi lisipite."

"Mama, hii mashine feni yake ni ndogo. Ukiiwekea nzito, itakosa upepo."

Fundi wa namna hiyo anastahili kusikilizwa. Feni ya kiyoyozi cha ukutani imepimwa kwa wavu mwepesi. Ukiongeza kitambaa, sponji au kipande cha filta nzito juu yake, upepo hupungua, mapezi hushika barafu, maji huanza kudondokea ndani, na umeme hutumika zaidi bila chumba kupoa. Ni ile hadithi ya filta ya lori iliyoziba, ila sasa inalipiwa kwenye yaka.

Mfumo mkubwa wa mabomba ya hewa, kama unaopoza hoteli, hospitali na majengo ya ofisi, au ule wa nyumba za Marekani ambao hupasha joto na kupoza kwa mashine moja, una nafasi maalumu ya kuingizia paneli ya filta. Hapo ndipo namba zilizoandikwa kwenye fremu zinapokuwa na maana.

Namba zinasema nini

Kipimo kinachoonekana sana kwenye filta za paneli ni MERV, kilichobuniwa Marekani, ambacho kwa majengo ya kawaida huanzia 1 hadi 16. Namba ikipanda, chembe ndogo zaidi zinanaswa.

MERV 8 hunasa angalau asilimia 70 ya chembe za maikroni 3 hadi 10. Inatosha kwa udongo na vumbi nene la ujenzi, lakini kwa moshi ni dhaifu.

MERV 13 hunasa angalau asilimia 85 ya chembe za maikroni 1 hadi 3, na angalau nusu ya zile za maikroni 0.3 hadi 1. Hapa ndipo kinga dhidi ya moshi wa dizeli inapoanza kuwa ya kweli. Kabla ya kuiweka, fundi athibitishe kwamba feni ya mfumo inaimudu. Paneli nene yenye mikunjo mingi hupitisha upepo vizuri kuliko nyembamba yenye namba ileile.

HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Haifai kuchomekwa kwenye kiyoyozi cha nyumbani. Hukaa ndani ya kisafisha hewa kinachosimama chenyewe, chenye feni iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Bidhaa nyingine hutumia kipimo cha kimataifa cha ISO 16890 cha mwaka 2016, ambacho ni rahisi kusomeka: filta huandikwa ePM10, ePM2.5 au ePM1, ikifuatiwa na asilimia inayonaswa. Filta iliyoandikwa "ePM1 60%" hunasa asilimia 60 ya chembe za maikroni 1 na chini yake. Iliyoandikwa "coarse" ni ya vumbi nene tu.

Filta ya mkaa maalumu, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, hupunguza harufu na baadhi ya gesi. Haizuii kaboni monoksaidi, na ikishajaa haifuliki.

Boksi lisilo na kipimo hata kimoja kati ya hivi, lenye maneno matamu tu kuhusu vijidudu na hewa ya milimani, halimwambii mnunuzi chochote.

Matundu juu ya dirisha

Kuna jambo ambalo vijitabu vinavyokuja na mashine hizi havilisemi, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya nyumba za aina nyingine. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina matundu ya hewa ya kudumu juu ya madirisha na milango. Yamejengwa hivyo kwa sababu nzuri: joto hupanda na kutoka, unyevu haukai, na hewa inayobadilika hupunguza hatari ya kuambukizana kifua kikuu.

Lakini chumba chenye matundu hayo, kikiwa kando ya barabara ya Malaba, hupokea moshi mpya kila dakika. Filta bora kuliko zote ikiwekwa humo inajaribu kusafisha barabara nzima. Ndiyo maana mwenye gesti anaweza kununua kisafisha hewa cha bei kubwa na mgeni akaamka bado anakohoa.

Njia ya busara ni kuchagua chumba kimoja, si nyumba nzima. Chumba cha kulala cha mtoto, mzee au mgonjwa ndicho cha kwanza. Matundu yanayoangalia barabara yafunikwe wakati mashine inafanya kazi, nyufa za mlango zizibwe kwa kitambaa, na dirisha la upande usio na malori lifunguliwe saa ambazo foleni imepungua. Kuziba kila tundu moja kwa moja si suluhisho, kwa sababu watu wanaolala chumbani wanahitaji hewa mpya.

Dereva naye ana chumba chake, nacho ni kabini. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana filta ya kabini, aghalabu nyuma ya kisanduku cha dashibodi, na wenye magari wengi hawajui kama ipo. Akiwa nyuma ya lori linalotoa moshi, dereva abonyeze kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Asikiache muda mrefu, maana hewa iliyochakaa huleta usingizi.

Sigiri kwanza, filta baadaye

Hakuna filta inayoweza kushindana na sigiri linalowaka ndani. Sigiri, au jiko la makaa kama wanavyosema ng'ambo ya mpaka, hutoa chembe nyembamba na kaboni monoksaidi kwa pamoja. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala nayo katika chumba kilichofungwa anaweza asiamke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Kwa hiyo anayefunika matundu ili filta ifanye kazi lazima kwanza alitoe sigiri nje, na asilirudishe usiku kwa ajili ya kukausha nguo au kufukuza baridi ya mvua. Jenereta nayo isiwekwe chini ya dirisha. Familia isiyo na uwezo wa kununua kisafisha hewa, lakini iliyohamishia jiko uani au kununua mtungi wa gesi ya kupikia, imepunguza moshi mwingi kuliko jirani aliyenunua filta na kuacha mkaa ndani.

Hesabu kabla ya kununua

Anayenunua kisafisha hewa anahitaji mkanda wa kupimia. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye dari ya mita 2.7. Ujazo wake ni mita za ujazo 32.4. Kwenye eneo la moshi inashauriwa hewa yote ipite kwenye filta kama mara tano kwa saa, hivyo mashine iwe na uwezo wa kusafisha takriban mita za ujazo 162 kwa saa. Kiasi hicho huandikwa kwenye boksi kwa herufi CADR. Ni vyema kuchukua yenye uwezo zaidi kidogo na kuiendesha polepole, kwa sababu ile iliyobanwa hadi mwisho hupiga kelele, watu huizima usiku, na iliyozimwa haisafishi kitu.

Jambo la pili ni filta ya kubadilishia. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize inapatikana wapi na kwa bei gani. Mashine rahisi ambayo filta yake huagizwa kutoka mbali itageuka pambo ndani ya mwaka mmoja. Mashine zinazojitangaza kwa kutoa ozoni ziepukwe, kwani ozoni yenyewe huumiza mapafu.

Ipo pia njia ya mkono. Mwaka 2020 Wamarekani wawili, Richard Corsi na Jim Rosenthal, walieneza wazo la kufunga paneli za MERV 13 kwa gundi ya utepe kuzunguka feni ya mraba hadi zikawa kama boksi. Fundi yeyote anayeweza kupata paneli hizo anaweza kuliunda kwa nusu saa.

Wanaovuka Busia au Malaba kwenda kununua upande wa pili wakumbuke jambo moja la forodha. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Filta iliyotengenezwa China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Busia. Itangazwe kwa ofisa wa forodha, na risiti itunzwe.

Kufua na kutupa

Wavu wa plastiki wa kiyoyozi hufuliwa. Umeme uzimwe, wavu utolewe, uoshwe kwa maji na sabuni laini, ukaushwe kivulini na urudishwe ukiwa mkavu kabisa. Kwa kawaida inashauriwa kila wiki mbili, na katika miezi ya kiangazi Tororo si vibaya kuwa kila wiki. Kazi hii haihitaji fundi.

Filta za karatasi, MERV na HEPA hazifuliwi. Maji huharibu nyuzi zake, na kompresa huzitoboa matundu yasiyoonekana. Zikijaa hutupwa. Muda ulioandikwa kwenye boksi umekadiriwa kwa nyumba isiyo na vumbi jingi, kwa hiyo karibu na barabara ya malori ziangaliwe mapema. Anayeibadilisha avae barakoa na aifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuitoa chumbani.

Upepo hauna pasipoti

Mengine hayawezi kumalizwa na mwenye nyumba. Kuanzia Januari 2015, nchi za jumuiya zilishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyopunguza ukali wa moshi, ingawa injini chakavu inayonguruma saa nzima kwenye foleni bado hutoa masizi. Vituo vya pamoja vya mpakani, kikiwamo cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, vilijengwa ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Faida yake huelezwa kwa shilingi na siku za safari, lakini kila saa inayopungua kwenye foleni ni saa ya moshi ambayo watoto wa Malaba hawaivuti. Foleni za mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, zilionyesha upande wa pili wa hesabu hiyo.

Kujua hali ya hewa nako kumekuwa rahisi. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umefunga vipima hewa katika miji ya Uganda na nchi nyingine za Afrika, na matokeo yake husomeka kwenye simu.

Kwa anayetaka kuanza leo, kifaa cha kwanza ni kitambaa cheupe. Akiloweshe, akifute kwenye kingo ya dirisha la chumba anacholala, kisha akitazame. Kikiwa chekundu, barabara ndiyo inayoingia, na kufua wavu kila wiki kutamsaidia sana. Kikiwa cha kijivu kinachokwaruza, ni saruji au mawe, na filta ya kiwango cha kati inatosha. Kikiwa cheusi chenye mafuta, ni moshi. Huyo ndiye anayehitaji MERV 13 au HEPA, na chumba kinachofungika.